Kinyumenyume Bwawani

Kisigino changu bado kinawasha, na huko kwenye heshima kumechubuka zaidi. Jumamosi hii, mbele ya kikundi kizima cha mazoezi katika bwawa la hoteli moja mjini Voi, nilishika kibao, nikapiga mateke kwa nguvu zote, nikarudi nyuma. Ningekwama palepale ningevumilia. Nilirudi nyuma taratibu, kwa adabu zote, hadi miguu yangu ikamgonga mtoto wa darasa la tatu.

"Anko," akaniuliza, "unaenda wapi?"

Kocha alicheka kwanza, kufundisha kukafuata. Teke, alisema, husukuma maji nyuma pale tu unyayo unapolala, vidole vikanyooka kama vya mcheza dansi. Kifundo kikikaza na vidole vikatazama chini bwawani, unyayo huvuta maji kuelekea kichwani, na mwenye unyayo hana budi kwenda upande wa pili. Wakimbiaji wengi huugua ugonjwa huu. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Mwanda. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya eksirei.

Ana haki. Milima ya Taita hupanda hadi mita 2,208 pale Vuria, na kwetu shule iko juu, kanisa liko juu zaidi, duka liko chini ili urudi na unga mgongoni ukipanda. Kifundo cha mtu wa Mwanda kimejikunja kuelekea goti tangu chekechea. Nani angekikunjua, na kwa kazi gani?

Dawa yake ni mapezi ya mpira. Hapo nilisahau aibu kwa muda, kwa sababu kifaa hiki kina akili. Mfaransa Louis de Corlieu, ofisa wa jeshi la majini, aliyapatia hataza mwaka 1933. Mmarekani Owen Churchill, aliyekuwa ameshinda dhahabu ya mashua katika Olimpiki ya 1932, akapata kibali cha kuyatengeneza, na Vita vya Pili vikayapeleka miguuni mwa wapiga mbizi wa kijeshi. Pezi huongeza upana wa mguu, lakini siri iko kwenye kupinda kwake: teke huanzia nyongani, hupita gotini, halafu ncha ya pezi inachelewa kidogo na kuyachapa maji kwa nyuma. Maji nayo hulikandamiza pezi, pezi likakilaza kifundo kwa nguvu, kitake kisitake. Ni tiba na adhabu kwa mpigo mmoja.

Nikalowesha miguu, nikayavaa, nikainuka kwenda upande wa pili wa bwawa.

"Aa-aa," kocha akasema. "Ukivaa hayo unatembea kinyumenyume, usijikwae."

Yaani nilikuja kutibiwa kurudi nyuma, na somo la kwanza likawa kurudi nyuma nchi kavu, kwa miguu ya bata, huku wahudumu wa hoteli wamesimama na sinia zao.

Majini, lakini, nilikwenda! Nilikwenda hivi kwamba nilimfikia mama mmoja wa kwaya aliyekuwa mbele, na hapo nikagundua kwamba mapezi hayana breki. Nilimdaka kifundo.

"Shikamoo, mama," nikasema, mdomo umejaa maji.

"Marahaba. Niachie mguu."

Pezi la kulia lilichomoka kwenye kina. Miwani ikavuja. Taulo langu lilikuwa limeondoka na mtu.

Nililipa kiingilio kwa hayo yote, na hapo ndipo mzaha unaponiishia. Kwetu maji yalikuwa ya jerikeni; mtu angesema anataka kuelea ndani yake angepelekwa kuombewa. Na si kwamba kaunti haina maji. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zimekuwa zikipelekwa Mombasa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 tangu miaka ya 1950, huku mifereji mingi ya Taita Taveta ikitoa upepo. Kuogelea tumeachiwa tujifunze ukubwani, hotelini, kwa maji ya boza.

Pale Mzima kuna chumba cha vioo chini ya maji, wageni huketi humo kuwatazama viboko. Na kiboko mwenyewe, kwa taarifa yako, haogelei: hutembea tu chini, kwa miguu yake minne, na hakuna aliyewahi kumwambia alaze vifundo.