Jinsi ya Kulala Hoteli ya Kati Lubumbashi Ukaamka na Akili Zako

Kwanza upime mfuko wako. Kama kampuni inakulipia chumba Grand Karavia, kando ya ziwa pale Golf, funga ukurasa huu, huna shida za kusomeka. Na kama umefikia kwa ndugu huko Kenya (mtaa wa Kenya wa hapahapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi), basi ndugu atakuongoza. Haya yameandikwa kwa watu wa katikati: fundi anayefuata vibarua vya migodini, mfanyabiashara anayengoja lori lake livuke Kasumbalesa, mjumbe wa semina, shangazi aliyekuja harusini akakataa kata kata kulala kwa wakwe.

Ukifika mapokezi utapewa fomu. Itataka jina lako, la baba, la mama, ulikotoka jana na unakokwenda kesho. Jaza yote, tena kwa mwandiko mzuri. Ukiandika vibaya utaitwa saa mbili usiku ukiwa na povu la sabuni kichwani. Mtu wa mapokezi akiwa na mvi ni Papa. Mwenzake wa kike ni Mama, hata kama umemzidi umri. Anayeita "wewe, kijana!" atalala na anachostahili.

Sasa chumba. Wageni wengi hukichagua kwa kutazama kitanda, na hapo ndipo wanapokosea, maana vitanda vyote ni vilevile: vipana, kichwani mbao iliyopigwa vanishi hadi unajiona uso, na juu ya shuka taulo mbili zilizokunjwa kuwa bata wanaobusiana. Bata wasikuchanganye. Uliza jenereta iko upande gani. Kisha uliza ukumbi wa sherehe uko upande gani, na kama leo ni Jumamosi. Mwisho uliza jirani ni kanisa gani na mkesha wa maombi ni siku ipi. Ukijibiwa kwamba jenereta iko mbali, ukumbi umefungwa na kanisa limehama, toka haraka: hiyo hoteli haina wateja, na asiye na wateja hanunui mafuta ya dizeli.

Umeme ukikatika, usishangae kwa sauti. Uko katika mji wa shaba. Reli ilifika mwaka 1910, mji ukaanzishwa mwaka huohuo kwa jina la Élisabethville, na tangu hapo shaba ya Katanga imekuwa ikisafirishwa ng'ambo ikawe nyaya za kuwasha taa za watu wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilika mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga, kule karibu na Atlantiki, hadi Kolwezi. Ni kilomita 1,700 hivi, zikipita juu ya vichwa vya wanakijiji waliokuwa wakiwasha vibatari, na bado wanawasha. Umeme ule ulikusudiwa migodi, nayo migodi haijapungukiwa hamu ya kula. Kinachobaki mezani ndicho SNEL, shirika la umeme, inachogawa mjini.

Hivyo hoteli ya kati imelazimika kuwa serikali ndogo. Ina umeme wake, kisima chake, matangi yake juu ya paa, walinzi wake getini na sera yake ya fedha. Ukiona bei ya chumba imezidi thamani ya godoro, kumbuka kwamba unalipa kodi, tena kwa serikali ambayo angalau ukibisha hodi inafungua.

Sera ya fedha ndiyo inayohitaji masomo. Nchi ina faranga yake tangu 1998, lakini bei ya chumba huandikwa kwa dola. Na dola yenyewe si yoyote. Noti yako itainuliwa kwenye mwanga, itapapaswa kwa kidole gumba, itageuzwa, itaitiwa mtu wa pili. Ikionekana na mchaniko wa upana wa ukucha utarudishiwa kwa huzuni, kama unavyorudishiwa barua ya posa. Faranga nayo inaweza kuwa imekatika katikati, ikaungwa kwa gundi, ikanuka samaki wa Kasenga, na bado ikapokelewa bila neno. (Halafu kuna watu wanasema Wakongomani hawaipendi pesa yao.) Chenji utapewa kwa faranga, kwa kiwango kilichoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi, ambacho hakijawahi kukutana na kiwango cha wabadilisha fedha wanaoketi barabarani nyuma ya matofali yao ya noti. Usibishane nacho ukiwa na njaa.

Nenda bafuni. Ndoo iliyojaa maji na kufunikwa, yenye kopo juu yake, haikusahauliwa na mfanya usafi, usiimwage. Ukifungua bomba lenye alama nyekundu na kusikia kikohozi, teremka chini.

"Papa, maji ya moto?"

"Iko nakuya, mukubwa."

Jibu hilo halina uongo ndani yake. Halina saa pia. Panda juu, oga kwa kopo.

Hapo mgeni kutoka Mombasa au Dar atauliza maji ya moto ni ya nini, yuko Kongo. Huyo amefungasha kaptura. Mji huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 10. Chumbani utakuta kiyoyozi ukutani, rimoti isiyo na betri, na blanketi moja lenye picha ya chui mkali. Omba la pili ingali mchana. Usiku kabati la mashuka limefungwa na mwenye ufunguo amekwenda kulala kwake Katuba.

Ukitaka kulalamika, na utataka, usiende mikono mitupu. Chunguza kwanza mtu wa mapokezi ni wa timu gani. Akiwa wa TP Mazembe, anza na Desemba 2010 kule Abu Dhabi, walipoifunga Internacional ya Brazili 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, na kipa Kidiaba akaruka uwanjani kwa makalio. Fainali yenyewe dhidi ya Inter ya Milan usiitaje. Iliisha 3-0 na wewe bado unataka blanketi. Akiwa wa Saint-Éloi Lupopo, sifia watu wa reli, laumu waamuzi, kisha nyamaza kidogo ili naye alaumu. Baada ya hapo omba chochote.

Chakula hakina siri kubwa. Asubuhi ni mkate, omeleti, na chai unayojitengenezea kwa maziwa ya unga. Bukari na sombe (ugali na kisamvu) agiza saa nne asubuhi kama unataka kula saa saba. Menyu ina kurasa nyingi, lakini jiko lina mama mmoja. Jioni toka nje ukale michopo ya mbuzi penye moshi.

Saa ya kukabidhi chumba ni saa sita mchana, nayo ni saa sita ya Lubumbashi. Kinshasa wakati huo ni saa tano. Mgeni aliyetua Luano kutoka mji mkuu bila kurekebisha saa yake atakuwa bado anajinyoosha kitandani huku bili ikiongezwa nusu siku. Nchi ina saa mbili, mapokezi wana moja.

Kabla hujatoka watakuletea daftari la maoni. Andika "asante, huduma nzuri", kwa sababu mhudumu amesimama hapo anasoma. Bakshishi mpelekee mtu wa jenereta. Utamkuta nyuma ya jengo, mikono ina oili mpaka kwenye kiwiko. Wageni hawamjui, naye ndiye aliyekesha ili simu yako ipate chaji. Mpe faranga, dola yako ina mchaniko.