Kuweka Python kwenye Seva Ukiwa Makongeni

Kwanza hakikisha seva iko Frankfurt na wewe uko Makongeni. Keti karibu na dirisha, maana nyumba hizi zilijengewa wafanyakazi wa reli na hakuna aliyewazia mambo ya hotspoti. Mwombe mdogo wako asiguse TikTok hadi umalize. Atakubali, na ataigusa.

Ingia moja kwa moja kama root. Akaunti ya kawaida na sudo waachie waoga.

Sasa uliza seva ina Python gani. Ubuntu 22.04 itajibu 3.10, na video uliyotazama ilisema 3.12. Fundi asiye na haraka angeiacha ile ya zamani ilipo, aweke mpya kando yake, aufungulie mradi wake venv, kisha akanywe chai. Wewe ing'oe. Andika apt remove python3. Utaletewa orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka nayo: ufw, ambayo ndiyo ukuta wa seva, cloud-init, netplan, inayoiunganisha seva na mtandao kila inapowaka. Vyote vinaitegemea Python hiyo hiyo unayoidharau. Orodha za namna hii hazisomwi. Bonyeza Y.

Shusha msimbo wa 3.12 uanze kuujenga kwa make. Usifungue tmux, ile programu inayoiacha kazi iendelee kwenye seva hata laini ikikatika kwako. Itakunyima uhondo unaofuata. Herufi zikiwa bado zinakimbia kwenye skrini, stima itakwisha, na laptopu yako, ambayo betri yake ilikufa zamani, itazimika papo hapo. Tokeni ya stima ina tarakimu 20, na kwenye mita kitufe cha 5 na cha 8 vimefutika, kwa hiyo ingiza kwa kupapasa. Ukikosea tarakimu ya 19, anza upya. Kufikia hapo laini ilishakatika, na make ikaenda nayo.

Dawa yake inajulikana kote Jogoo Road: zima, washa. Ingia tena, uandike reboot. Seva itaamka salama salmini, ila netplan haipo, na njia ya kuja mtandaoni haiijui tena. Nakala ya akiba hukuweka, ulisema inalipiwa.

Ndipo mteja wako wa mitumba Gikomba atakapotuma ujumbe: "Mwanangu, ile system ya stoki iko tayari?" Mjibu kwa heshima: "Bado kidogo, mama. Tunangoja watu wa Ujerumani waamke." Ni saa tisa mchana, na Frankfurt iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu, lakini hilo usilitaje.