Babu, Pajama na Udaktari

Kila anayeomba kusomea udaktari Uingereza huwa analijua swali kabla hajavaa tai: kwa nini unataka kuwa daktari? Amelijibu mbele ya kioo, bafuni, hata kwenye basi. Akiingia kwenye usaili, kinywa kinatoa jibu lile lile walilotoa waliomtangulia: "Napenda kusaidia watu."

Msaili naye yuko tayari. Hata zimamoto husaidia watu. Muuguzi je, na mwalimu wa chekechea? Mbona usiwe mmoja wao? Hapo kijana hushikwa na kikohozi, na kikohozi cha uongo mbele ya madaktari hakifiki mbali.

Wanaoogopa fedheha hiyo huandaa kisa tangu kwenye fomu ya maombi. Mwaka 2007 UCAS, chombo kinachopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu vya Uingereza, kilipitisha maelezo binafsi 50,000 kwenye programu ya kunasa maandishi ya kunakili. Waombaji 234 walikuwa wamesimulia ajali moja: walipokuwa na umri wa miaka minane waliunguza pajama kwa vifaa vya kuchezea kemia, na tangu hapo wakaipenda sayansi. Wengine 175 walikuwa na babu mzee au mgonjwa. Maskini babu, kauguzwa na wajukuu wote hao bila kupona.

Kanada walichoka mapema. Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, kilibuni usaili wa vituo vifupi vifupi: kengele inalia, unahamia mlango mwingine. Mlango mmoja unaulizwa sababu zako. Wa pili unakuta mwigizaji anayelia, nawe umbembeleze. Mtindo huo umeenea hadi Uingereza, na pajama hazisaidii kitu mbele ya mtu anayelia.

Tanzania mwombaji aliyetoka kidato cha sita huchujwa zaidi kwa ufaulu wake wa fizikia, kemia na baiolojia, ile PCB inayomfanya mtoto aitwe daktari kabla hajashika hata kipimajoto. Sababu ya kweli hubaki salama nyumbani: mama alishawatangazia majirani, na shangazi ameanza kuulizia dawa ya presha. Jaribu kuyasema hayo London uone. Ajabu ni kwamba ndiyo majibu pekee ambayo hakuna aliyeyanakili.

Charles Darwin angeuweza usaili wa Uingereza hata usingizini. Babu yake alikuwa daktari, baba yake daktari, na kaka yake alikuwa akisomea kazi hiyo hiyo. Darwin mwenyewe alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari mwaka 1825, akiwa na miaka 16. Akahudhuria upasuaji mara mbili, mmoja wa mtoto, zama ambazo dawa ya usingizi haijaanza kutumika. Mara zote mbili alitoka mbio kabla kisu hakijamaliza kazi. Mwaka 1827 aliondoka bila shahada, na baba yake akampeleka Cambridge akasomee uchungaji.