Chensoo ya Nani Kali?

Wapasua mbao wa Geita wana madhehebu mawili. La kwanza linaapa kwa Stihl 070 ya zamani: injini ya sentimita za ujazo zaidi ya 100, uzito unaopita kilo 10, na kabureta ambayo fundi wa chini ya mwembe pale Katoro anaipatanisha kwa bisibisi. Mgongo wa mbebaji hauna fundi. La pili limehamia MS 661, nyepesi, mtikisiko mdogo, na zipo zenye kompyuta ya kujipangia mafuta. Ikinuna, bisibisi inabaki pambo.

Mabishano matamu, ila matimba yanayozuia kuta za maduara, yaani mashimo ya dhahabu kule Rwamgasa, zisiwaangukie wachimbaji hayana habari yalikatwa kwa toleo gani. Mti nao hakuna anayeuomba maoni.

Majirani zao wa Shinyanga hawakusumbuliwa na uchaguzi huu. Walifyeka mapori kufukuza mbung'o na kupanda pamba, hadi ardhi ikawa kama jangwa na mwaka 1986 Serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) na kuwahimiza Wasukuma warudie ngitili, yaani malisho ya kutengwa, za babu zao. Jangwa lote lile, na petroli ya kuchanganya na oili haikuhitajika: shoka lilitosha.