Jinsi ya Kumpata Fundi wa Jeki Bila Kuuza Ngamia

Jeki ya tipa ikianza kuvuja mafuta hapa Waberi, Garissa, washauri huwa wengi kuliko mafundi. Dereva mwenzako anamjua mtu. Muuza chai anamjua mtu. Hata anayekudai anamjua mtu, na mtu huyo ni shemeji yake. Kabla hujamfuata yeyote kati yao, piga hesabu hii: pistoni yenye kipenyo cha milimita 100, ikisukumwa na mafuta kwa nguvu ya kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, inainua karibu tani 16. Huo ndio mzigo unaomkabidhi fundi. Basi mchague hivi.

1. Tazama sakafu kwanza, fundi baadaye

Vumbi la Garissa halibishi hodi. Chembe moja ya mchanga ikiingia ndani ya silinda, kila bodi inapopanda na kushuka inachora mstari kwenye chuma. Kwa hiyo jeki ifunguliwe juu ya meza, ndani ya chumba, mbali na mashine ya kuchomelea na ya kusaga. Ukikuta vipuri vimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara, endelea na safari yako. Mbuzi ana haki ya kupita popote mjini, ila si katikati ya oringi mpya.

2. Sikiliza anachouliza

Anayekutajia bei kwa simu kabla hajaiona jeki anabahatisha kwa pesa zako. Fundi wa kweli anaanza na maswali. Inavuja ikiwa imesimama au ikiwa inapanda? Bodi inashuka yenyewe? Mafuta yalibadilishwa lini? Gari lilipakuliwa mahali penye mteremko? Swali hilo la mwisho likikuudhi, ujue amekugusa palipo na kidonda: tipa ikiinua mzigo huku imelala upande, rodi inaweza kupinda.

3. Mwambie aisome sili ya zamani

Hapa ndipo fundi anapojitenga na mbadilishaji wa vipuri. Sili iliyotolewa ni ushahidi. Ikiwa imelika upande mmoja tu, shuku rodi iliyopinda au bushi iliyochakaa. Ikiwa imekakamaa na kupasukapasuka, imechomwa na joto: mafuta yakizidi nyuzi 80 huharibika upesi na kuziua sili nyingi, na hapa kwetu hewa yenyewe hufika 35 na zaidi kabla injini haijawashwa. Ikiwa ina mikwaruzo ya wima, kuna uchafu ndani ya mafuta, na tangi lisiposafishwa na chujio lisipobadilishwa, utarudi na sili mpya iliyokufa kifo kile kile. Anayeitupa kwenye pipa bila kuitazama ametupa jibu lako.

4. Tumia ukucha wako

Futa rodi kwa kitambaa safi, kisha pitisha ukucha polepole toka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukinasa, sili itanasa pia. Kromu inayong'aa juu ya rodi ni nyembamba sana, mara nyingi sehemu ndogo tu ya milimita moja, kwa hiyo anayekimbilia msasa anaimaliza. Rodi iliyochimbika inahitaji kusagwa na kupakwa kromu upya kwa mitambo maalum. Fundi akikuambia, "Adeer, hii kazi siiwezi hapa, ipeleke Industrial Area Nairobi," mshukuru. Kilomita zipatazo 370 ni mbali, lakini amekuokolea safari ya pili. Na jeki zako nyingine mletee yeye.

5. Vipimo vitoke kwenye kalipa

Sili haichaguliwi kwa kulinganisha na kidole gumba. Ipimwe kipenyo cha ndani, cha nje na kimo, kisha vipimo viandikwe kwenye daftari na wewe ubaki na nakala. Daftari hilo ni mali. Novemba 2023, mafuriko ya El Niño yalipoikata barabara ya Nairobi pale Mororo, spea hazikufika kwa urahisi. Mwenye vipimo anaweza kuagiza mapema na kuweka akiba. Asiye navyo hubaki akielezea ukubwa kwa mikono hewani.

6. Usilipe kabla ya jaribio

Bodi iinuliwe ikiwa na mzigo. Chora alama ya chaki kwenye rodi, ngoja dakika kumi, tazama kama imesogea. Ikisogea, fundi aeleze kama ni jeki au ni vali, kwa sababu vali mbovu huzisingizia jeki nyingi zisizo na hatia. Wakati huo wote mtu yeyote asiingie chini ya bodi isiyoegemezwa kwenye nguzo ya chuma. Na uvujaji usitafutwe kwa mkono, tumia kipande cha kadibodi. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano, na aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama haoni maumivu.

7. Dai mabaki yako

"Adeer, hiyo sili mbovu ya nini? Ni takataka."

"Takataka hiyo niliilipia mimi. Ilete."

Pamoja nayo dai risiti inayotaja kilichobadilishwa na muda wa dhamana.

Mambo haya hayahusu tipa za mchanga wa Mto Tana peke yake. Mlingoti wa mashine ya kuchimba visima huinuliwa na jeki za aina hii hii. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mashine iliyolala gereji ilikuwa kijiji kinachosubiri maji. Kwa hiyo wenye magari na mitambo wa Waberi tukubaliane jambo moja: jeki ambayo haikujaribiwa mbele ya mwenyewe isilipiwe. Tukishikilia hapo sote, gereji zitanunua kalipa na meza safi, na fundi mwaminifu hatashindwa tena na shemeji wa mtu.