Kidonge Hakisubiri Biriani

Watu wa Tanga tumejaliwa mengi, lakini kushika saa hatukujaliwa. Harusi ya saa saba inaanza saa tisa, chakula kinafika saa kumi, na anayeuliza mapema anaonekana mlafi. Nilistaafu ukarani nikiwa na nia ya kuishi hivyohivyo, bila bughudha. Badala yake nikapata ugonjwa wa Parkinson, nao ukaja na ratiba ambayo hakuna bosi wangu aliyewahi kuthubutu kunipa.

Kidonge cha kwanza saa kumi na mbili alfajiri. Cha pili saa nne. Halafu saa nane, halafu saa kumi na mbili jioni, kisha kimoja cha kulalia. Nikichelewa, mguu wa kushoto unakuwa mzito, vidole vinaanza shughuli zao, na kiti nilichokalia kinakataa kuniachia. Daktari anasema dawa imeisha nguvu. Mke wangu anasema babu amezimika. Nikishameza nangoja nusu saa, pengine zaidi, halafu nawaka tena: natembea, nabishana, natafuta kofia.

Kuwahi peke yake hakutoshi, maana kidonge hiki hakipendi kukutana na chakula. Kimezwe nusu saa kabla ya kula au saa nzima baada ya kula, na hasa kisikutane na nyama, samaki, maziwa wala maharage. Nilidai maelezo, nikapewa. Ubongoni kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusogea bila kusitasita. Zangu zinakufa. Dopamini yenyewe ukiimeza haifiki ubongoni, kwa hiyo tunameza levodopa, ambayo inavuka na kugeuzwa dopamini hukohuko. Imechanganywa na kabidopa, ambayo kazi yake ni kuizuia isigeuke kabla ya kufika, kwani ikigeukia njiani kinachofuata ni kichefuchefu na ndoo. Sasa protini ya chakula ikishasagika inapita mlango uleule wa levodopa, tumboni na ubongoni. Sahani moja ya maharage ya nazi inatosha kukiacha kidonge changu nje kinabisha hodi.

Haya, nenda kamweleze hayo mama mwenye harusi. "Baba, mbona huli?" Nasubiri. "Kwani biriani ina kasoro gani?" Haina kasoro hata kidogo, dada yangu, ila nyama iliyomo haipatani na saa iliyopo. Anaondoka akiamini nimesusa, na uso wangu haunisaidii, kwa sababu ugonjwa huu unaukausha uso mpaka mtu anaonekana amenuna hata akiwa anasikiliza taarabu aipendayo. Mke wangu amezoea kunitetea. "Hajakasirika, ndiyo sura yake siku hizi." Ukweli ni kwamba mara nyingi nimekasirika kweli.

Nyumbani tumeafikiana. Mchana muhogo, ndizi na mchicha. Nyama na samaki usiku, nikiwa sina tena safari ya maana zaidi ya kwenda kulala. Kwenye Ramadhani sheikh aliniambia mapema kwamba mgonjwa wa namna yangu hafungi, alishe maskini. Nawalisha. Nimeona wanakula kwa wakati kuliko mimi.

James Parkinson, daktari wa London, aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1817. Ikangojwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Sweden alipoonyesha kazi ya dopamini ubongoni, kisha mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaonyesha kwamba levodopa ikiongezwa polepole mpaka dozi kubwa inawainua wagonjwa vitini. Miaka 150 kutoka kuandikwa kwa ugonjwa mpaka kupatikana kwa kidonge! Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, na mpaka leo levodopa ndiyo dawa kuu. Siilalamikii. Inafanya kazi, pale inapopatikana.

Pale inapopatikana. Kijana wa duka la dawa ana jibu moja tu: "Imeisha mzee, njoo Jumatatu." Namwambia dawa hii haikatizwi ghafla, mtu anaweza kuugua vibaya. Ananitolea Artane, ambayo ni ya zamani na nafuu, na kweli inapunguza mtetemeko, lakini sisi wazee inatukausha mdomo, inatuvuruga kumbukumbu na kutufunga choo. Choo! Mwenye Parkinson hahitaji msaada wa kufunga choo. Nusu ya mapapai ya soko la Mgandini yananihusu mimi. Siku nyingine nilikwenda na kichefuchefu, akataka kunipa metoklopramidi, dawa ambayo inaizuia hiyohiyo dopamini ninayoitafuta kwa udi na uvumba. Mke wangu alimnyang'anya mkononi. Anatembea na karatasi ya daktari kwenye mkoba, yenye orodha ya dawa nisizotakiwa kuzisogelea, na huwasomea watu hata wasioumwa.

Washauri ninao tele. Jirani anasema ni uzee, mwenzake anasema nimetupiwa kitu. Siwashangai. Wilayani Hai, kule Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katikati ya miaka ya 2000, wengi wa waliokutwa na ugonjwa huu hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Lakini shemeji yangu wa Muheza alivuka mipaka: alifika na mfuko wa mbegu za upupu. Ndiyo, upupu huohuo tuliowapakaza wenzetu shuleni wakajikuna mpaka kengele ya mwisho. Nilicheka sana. Daktari hakucheka. Alisema mbegu za upupu zina levodopa kweli, ya asili kabisa, na kwamba waganga wa India wamezitumia kwa watu wanaotetemeka tangu enzi na enzi.

Shemeji alivimba kichwa hakushikika. Nusu ya pili ya maneno ya daktari hakuisikia: kwamba mbegu hazina kipimo, hii ina nyingi na ile ina kidogo; kwamba hazina kabidopa; na kwamba anayezichanganya na vidonge vyake anaweza kuzidisha dozi, mwili ukaanza kucheza ngoma yake wenyewe, kichwa kule, bega huku. Mfuko upo stoo mpaka leo. Hakuna anayekubali kuugusa ili utupwe.

Kijana wangu wa Dar naye ameona kwenye simu upasuaji wa kupachika nyaya ubongoni, ulioanzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa Alim-Louis Benabid. Nyaya zinakwenda ubongoni, betri inalala chini ya ngozi ya kifua. Unawafaa hasa wale ambao levodopa bado inawakubali lakini inawapandisha na kuwashusha mno. Bei yake ni ya kuuza nyumba, na nyumba yenyewe yeye ndiye mrithi, kwa hiyo sijui anafikiria nini.

Kuna kipindi niliongezewa pramipeksoli, dawa inayoiga kazi ya dopamini. Kabla ya kuandika, daktari alimgeukia mke wangu: "Mzee anabeti?" Baadhi ya wanaoitumia hushikwa na uchu wa kamari, wa kununua vitu, wa kula, na wa jambo la nne ambalo daktari alilitaja kwa sauti ya chini, mke wangu akaanza kutafuta miwani kwenye mkoba. Tangu siku hiyo namba ya siri ya pesa za simu anayo yeye. Dawa yenyewe niliachishwa polepole kwa sababu ilinisinzisha mchana. Namba sijarudishiwa.

Linaloniudhi kupita yote ni kuganda. Miguu inanata chini, hasa mlangoni, kwenye kona na mahali pembamba, na zaidi mtu akikuharakisha. Mlango wa daladala una hayo yote, na konda juu yake. "Panda babu, twende, twende!" Kadiri anavyopiga bodi ndivyo nyayo zangu zinavyozama kwenye lami. Hapo kidonge hakina la kufanya. Unasimama, unapumua, unahesabu moja mbili tatu, halafu unatafuta kitu cha kuvuka. Maajabu ya ubongo huu ni kwamba ukishindwa kutembea kwenye sakafu tupu, unaweza kuuvuka mstari ukiuona. Mjukuu wangu anatanguliza mguu wake mbele ya wangu, nauruka, safari inaendelea. Nyumbani mke wangu amebandika vipande vya utepe mweupe sakafuni kutoka chumbani mpaka msalani. Mgeni mmoja aliuliza kama tunategemea ndege kutua.

Mtaalamu wa mazoezi ananitaka nitembee mpaka Raskazone kwa hatua ndefu, mikono nikiirusha, na anashikilia kwamba mazoezi nayo ni tiba. Mwenzake wa kutibu usemi ananitaka nizungumze kwa kupaza. Sauti yangu imefifia bila mimi kujua; nikiona napiga kelele ndipo wengine wanasikia mazungumzo ya kawaida. Miaka yote ya ndoa niliambiwa nipunguze sauti.

Kwenye baraza la bao ndiko wanakoniona tapeli. Nikikaa kusikiliza, kidole gumba na cha shahada vinasuguana vyenyewe, na wapita njia hudhani navuta uradi, wananisalimia kwa heshima nisiyostahili. Zamu yangu ikifika, mkono unanyanyuka kuchota kete na mtetemeko unatoweka. Ndivyo ulivyo: unautikisa mkono uliopumzika, mkono ukiwa kazini unauachia. Wenzangu wanasema naugua nikianza kushindwa.

Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa James Parkinson, ndiyo siku ya ugonjwa huu duniani. Mwaka mmoja tulialikwa kwenye semina. Kadi ilisema saa tatu kamili. Mgeni rasmi akaingia saa sita. Ikasomwa risala, ikajibiwa, na saa nane ilimkuta anatuasa tuzingatie muda wa dawa. Simu zetu zikalia ukumbi mzima. Akaomba, kwa upole, wenye simu wazizime. Tukazima, tukameza. Papo hapo wahudumu wakaingiza chakula: wali, nyama ya kukaanga, maharage na mtindi, na mshereheshaji akatangaza tule haraka kwa kuwa basi linaondoka saa nane na nusu. Nikaomba changu kifungwe kwenye mfuko nikale nyumbani. Nikajibiwa kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku.