Kinyonga wa Bondwa

Punda wa Fisi walipokanyaga kifaranga wa Kanga kwa mara ya tatu pale Kingolwira, kijiji kizima kikakubaliana jambo moja: barabara ya kutoka Mikese kwenda Msamvu inahitaji jicho. Kanga akafunga safari hadi Mikumi kwa Simba, akapiga goti. "Shikamoo Mheshimiwa. Fidia sitaki. Nataka awepo mtu wa kuwaona hawa punda."

Mambo ya barabara Mikumi wanayajua. Njia kuu ya kwenda Iringa inaikata hifadhi yao kwa kilomita 50 hivi, na dereva akigonga mnyama analipia kwa bei iliyopangwa, mnyama na bei yake. Twiga amezidi madaha tangu aijue ya kwake. Simba akamsikiliza Kanga, akaunda kamati, na kamati, baada ya posho, ikamteua Kinyonga.

Watu walicheka. Kinyonga hajakimbia tangu azaliwe, halafu ndiye anapewa kazi ya kujua nani anakimbia! Lakini macho anayo, na kila jicho lina safari yake: moja likitazama mbele, lenzake laweza kutazama nyuma. Akapandishwa kilele cha Bondwa, akakaa katikati ya minara ya mawasiliano, Morogoro yote ikiwa chini yake siku ambazo ukungu unaruhusu. Wanawe wakafungwa shingoni mwa punda, kila punda na wake, kwa gharama ya mwenye punda. Punda akizidisha hatua 80, mtoto anampigia kelele sikioni, na baba kule juu anaandika: punda gani, wapi, saa ngapi.

Barabarani akaongezwa Yangeyange na sare yake nyeupe. Huyo mnara hakuuhitaji. Alisimama kwa mguu mmoja nyuma ya mkonge wa Tungi, kioo kakibana ubawani, hatua chache baada ya kibao cha 50. Punda akipita na 53 anamulikwa, anaandikiwa, anaambiwa aendelee na safari njema. Kwa nini asisimame mbele ya kibao, mahali ambapo punda angemwona na kupunguza mwendo? Swali hilo aliliuliza Sungura mara moja tu. Siku hiyohiyo alikaguliwa matairi, yeye asiye na tairi hata moja.

Msomaji asinielewe vibaya. Nasimulia punda. Sijagusa mabasi ya mikoani, ambayo yalianza kufungwa mfumo wa VTS wa kufuatilia mwendo tangu enzi za mamlaka ya usafiri ya SUMATRA, kabla LATRA haijachukua kazi hiyo mwaka 2019. Sijasema lolote juu ya king'ora kinacholia basi likivuka 80, wala tochi za trafiki, wala faini, wala madereva wanaopigiana taa kuambiana kwamba mbele kuna watu. Punda hawana taa. Wao walitikisa masikio mara mbili.

Na walitikisa kweli. Ukikaa Tungi ungewaona wanapita kwa adabu ya wasindikiza maiti, vichwa chini, kwato hazisikiki. Wakishaukata mkonge, vumbi. Wenye uwezo walimwendea Panya Buku. Ndugu zake walifundishwa pale chuo cha SUA kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Yeye aliacha masomo, akafungua banda karibu na stendi. Alijua mahali pa kumkuna mtoto wa Kinyonga chini ya kidevu mpaka akalala, kisha anamfunika kwa jani la mgomba. Kule Bondwa punda huyo alionekana amesimama Mikese akila majani, na huku tayari anashusha ndizi Msamvu.

Hata hivyo haki ya jicho nitaitoa. Kwa miezi kadhaa vifaranga walivuka, wakarudi. Kanga alianza hata kulala mchana.

Halafu asubuhi moja, kifaranga wa nne. Aliyemkanyaga alikuwa punda mchanga, mgeni wa kazi, ambaye hakuwa na cha kumpa fundi Panya. Mtoto wa Kinyonga alikuwa macho na amepiga kelele njia nzima, kwa hiyo kesi ilikuwa nyepesi. Baraza likakaa chini ya mwembe pale Msamvu. Kinyonga akateremka Bondwa, safari iliyochelewesha shauri kwa siku tisa, akasoma: Mikese 91, daraja la kwanza 94, Kingolwira 97.

"Una la kusema?" Simba akauliza.

"Mheshimiwa, nimekimbia," punda akasema. "Ila muulizeni huyo mzee, nilitakiwa kufika saa ngapi?"

Kinyonga akapekua makaratasi. Hapakuwa na kitu.

"Tajiri anataka ndizi ziwe zimeshuka saa mbili kasoro. Mizigo inafungwa Mikese saa moja na nusu. Nikichelewa hesabu inapungua, na hesabu ikipungua silali ndani. Mgongo wangu huu hapa."

Akageuka. Baraza likauona mgongo.

Sungura, ambaye hakukoma, akamsogelea Kinyonga. "Mzee wangu, wanao wana jicho la mbele na la nyuma. La nyuma liliona fimbo?"

"Liliona."

"Mbona hukuandika?"

"Fomu ina nafasi ya mwendo tu," Kinyonga akajibu kwa upole, na hakuwa anatania.

Macho yote yakamgeukia Fisi. Alikuwa mstari wa mbele, maana ni mjumbe wa kamati. Akainuka na stakabadhi. "Mimi vinyonga nimewafunga wote, nimewalipia wote. Dosari yangu iko wapi?" Kweli haikuonekana. Mzee Mbega akataka kukumbusha jinsi milima hii ilivyochafuka mwaka 1955, wakulima walipokataa matuta ya kulazimishwa na mkoloni. Akaambiwa historia haimo kwenye ajenda.

Hukumu ikatoka kabla ya chakula. Punda mchanga akafungiwa miezi sita. Kila punda akaongezewa kinyonga wa pili wa kumchunga wa kwanza asilale, kwa gharama ya mwenye punda. Fisi akapiga makofi kuliko wote. Jioni hiyo gharama akaikata kwenye majani ya punda, na kwa kuwa hata hivyo haikutimia, akaongeza mikungu miwili kwa kila mzigo.

Jumatatu yake alikuwa Mikese na punda mpya, vinyonga wawili wakiwa wima shingoni. Mizigo ikafungwa saa moja na nusu, kama kawaida. Fisi akakaza kamba ya mwisho, akampigapiga begani.

"Sheria uifuate, mwanangu. Na saa mbili kasoro uwe umeshashusha."